Uzi: Maumbo ya mahema ya kubeba mgongoni, na namna ya kuyapiga katika mchanga na udongo wa Mtwara na Lindi

Wanajukwaa, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi zinazouliza ni hema gani linafaa kwa safari za miguu, na karibu majibu yote huanzia kwenye uzito, au kwenye idadi ya watu watakaolala ndani. Nimekuwa nikitembea na begi mgongoni katika mikoa yetu hii miwili kwa miaka 11 sasa, na naomba uzi huu uanzie mahali pengine, yaani ardhini. Hema lolote ni kitambaa kilichotandazwa na kuvutwa, na kinachokivuta ni ama fito za hema lenyewe, ama vigingi vilivyochomekwa udongoni. Maumbo yanatofautiana zaidi ya yote katika jambo hilo: kazi ya kusimama imeachiwa fito kwa kiasi gani, na imeachiwa ardhi kwa kiasi gani. Mtu akishaujua udongo wa mahali anapokwenda, nusu ya swali lake imejibiwa kabla hajaingia dukani.

Nililijua hili Msimbati, usiku mmoja wa Julai, kusi ikivuma. Tulikuwa watu wawili na hema la handaki, yaani lile lenye matao matatu yaliyosimama sambamba kama mbavu, ambalo mwenzangu aliuziwa kwa sifa kwamba halitikiswi na upepo. Sifa hiyo si ya uongo. Handaki likielekezewa kitako chake upepo unakotoka, upepo hupanda juu ya mgongo wake na kushuka upande wa pili bila kukuta ukuta wa kuusukuma, na nafasi ya ndani ni kubwa ukilinganisha na kilo unazobeba. Tulilielekeza sawasawa, kitako kusini mashariki, tukachomeka vigingi vyembamba vya alumini vilivyokuja nalo, urefu wake kama kalamu, katika mchanga mweupe mkavu ulio juu ya mstari wa maji kujaa. Kabla ya kulala nilipiga kamba ya nyuma kwa kidole, ikalia kama uzi wa zeze, nami nikaridhika. Kama saa saba usiku kigingi cha nyuma kiling'oka bila sauti, tao la kwanza likainama, na mengine mawili yakalifuata moja baada ya jingine kama chandarua kilichokatwa kamba. Hakuna ufito uliovunjika wala kitambaa kilichochanika. Hema lilikuwa zima kabisa, ila ardhi haikulishika.

Sababu iko katika umbo lenyewe. Matao ya handaki hayagusani, na kinachoyaweka mbalimbali ni mvuto wa kamba za mbele na za nyuma tu. Kigingi kimoja cha mwisho kikitoka, mvuto wote hupotea kwa mara moja, hata kama vigingi vya ubavuni bado vimeshika. Umbo hili limepata sifa zake katika nchi kama Sweden na Norway, ambako mtembeaji hupiga hema juu ya majani yenye mizizi iliyosukana, na mizizi hiyo hukisaidia kigingi chake. Mchanga wa pwani yetu hauna msaada huo.

Kuba ni umbo la namna nyingine kabisa. Fito mbili ndefu hupishana juu ya kichwa, na ncha zake nne huingia katika vitundu vya pembe nne za sakafu. Ufito uliopindwa hutaka kunyooka, sakafu huuzuia, na katika kuvutana huko hema husimama bila kuiomba ardhi chochote. Ukigundua umelipiga juu ya njia ya siafu, unaweza kulinyanyua na kulihamisha likiwa limesimama. Yapo pia makuba yenye fito nyingi zaidi zinazopishana mahali pengi na kugawa kitambaa katika pembetatu ndogondogo. Wazo hilo lilitokana na majengo ya kuba ya mbunifu Mmarekani Buckminster Fuller, na kampuni ya The North Face ilitoa hema la namna hiyo mwaka 1975. Ni mahema imara sana, lakini yamekusudiwa milima yenye theluji nzito, na kwetu huku fito za ziada ni uzito usio na kazi.

Hapa naomba nionye kwa dhati, kwa kuwa nimeona watu wakipotoshwa. Kusema kwamba kuba linasimama lenyewe si kusema kwamba halihitaji vigingi. Kuba tupu ambalo halijawekewa mizigo wala kufungwa ni puto, na upepo wa alasiri wa ufukweni utalibingirisha hadi majini kabla hujamaliza kufungua begi. Chomeka upande wa upepo kwanza, weka mabegi ndani, ndipo uendelee na mengine. Unapopitisha fito katika mifereji yake ya kitambaa, zisukume na wala usizivute, maana vipande vya ufito vimeunganishwa kwa mpira wa kuvutika uliomo ndani, na ukivuta vipande huachana katikati ya mfereji, ukalazimika kuvipapasa kimoja kimoja gizani.

Umbo la tatu ni piramidi, ambalo lina nguzo moja katikati na kitambaa kinachoteremka pande zote. Ni umbo la kale, na hata jeshi la Marekani lilitumia hema la mviringo la nguzo moja ambalo Henry Hopkins Sibley alilisajili mwaka 1856. Siku hizi mtembeaji hutumia fimbo yake ya kutembelea badala ya nguzo, kwa hiyo habebi fito kabisa, na piramidi la watu wawili linaweza kuwa chini ya kilo moja, ilhali kuba la watu wawili kwa kawaida ni kati ya kilo mbili na tatu. Bei ya wepesi huo ni kwamba piramidi hutegemea ardhi kwa kila kitu. Tena mengi hayana sakafu wala wavu, na kwa nchi yetu yenye malaria ni lazima utundike chandarua ndani yake.

Kulipiga kunahitaji utaratibu, na wanaolilaumu wengi wao waliuruka. Funga zipu ya mlango kwanza, kwa sababu mlango ukiwa wazi upande huo hutanuka na umbo zima hupinda. Chomeka pembe nne kwa mraba ulio sawa, kamba zikiwa zimelegea kidogo. Ukitaka uhakika, pima kwa kipande cha kamba kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili kimshazari, kisha upime nyingine mbili, na vipimo viwili vikilingana mraba wako umenyooka. Ndipo uingie ndani na nguzo, uisimamishe, uinyanyue hadi mikunjo ya kitambaa ianze kupotea, kisha utoke nje ukaze pembe moja moja kwa kuzunguka. Usikaze pembe moja hadi mwisho huku nyingine zimelegea.

Hema la mgongo, lile la pembetatu lenye nguzo mbele na nyuma ambalo wengi wetu tulilijua kwa skauti, sitalisemea sana. Linamwaga mvua vizuri, lakini kuta zake huingia ndani upepo ukipiga ubavuni, na nafasi unayoweza kukaa wima ni ndogo. Ukiwa nalo, litumie.

Sasa turudi mchangani, maana hapa ndipo mtu wa Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko anapohitaji msaada. Katika udongo mgumu kigingi, au mambo kama Kiswahili cha zamani kinavyokiita, huingizwa kwa mshazari, kichwa kikiwa kimelalia mbali na hema, ili kamba ikivuta ikute mwili wote wa kigingi. Katika mchanga mkavu hata mshazari huo hausaidii, kwa sababu chembe hazishikani. Dawa ni kuzika. Mimi hubeba viroba vidogo sita, kila kimoja cha ukubwa wa kilo mbili za mchele, ambavyo vikiwa vitupu havina uzito wa kuhesabu. Nachimba shimo linalofika karibu na kiwiko cha mkono, najaza kiroba mchanga, nakifunga shingo kwa kamba ya hema, nakilaza chini, nafukia, nakanyaga kwa visigino, kisha namwagia maji ya bahari. Mchanga uliolowa na kushindiliwa hushikana kwa namna ambayo mchanga mkavu hauwezi. Ukikosa viroba, kijiti kinene cha urefu wa mkono kilichozikwa kwa kulala, kikiikingamia kamba kama msalaba, hufanya kazi hiyo hiyo, mradi uikatie kamba mfereji wake mchangani ivute kwa mshazari wa chini na isikinyanyue kijiti kwenda juu. Mwaka uliofuata tulirudi Msimbati na hema lile lile la handaki, kitako upande ule ule, kiroba kikiwa kimezikwa nyuma, na lilisimama usiku tatu bila kuguswa.

Neno moja juu ya maji. Pwani yetu maji ya bamvua, yaani yale makubwa ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na siku za bamvua kujaa kwake huangukia karibu na saa kumi, alasiri na tena alfajiri, yaani wakati ule usingizi ulipo mzito. Mgeni hufika saa tano asubuhi, maji yakiwa mbali, akauona ufuo mpana na tambarare, akapiga hema mahali ambapo samaki watapita. Tazama mstari wa mwani na makapi yaliyosukumwa, panda juu yake hatua nyingi, na ukutane na wavuvi uwaulize. Usilale chini ya minazi iliyobeba, kwa sababu nazi haina onyo. Msimbati nayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo pata kibali kwanza na usikate miti kwa ajili ya nguzo.

Kwa uwanda wa juu wa Makonde, hukumu yangu inageuka. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, mito juu hakuna, na wenyeji kwa vizazi walishuka mabondeni kuteka maji. Anayetembea kutoka Newala kuelekea vijijini hubeba lita tano au sita, nazo ni kilo tano au sita kabla hajaweka hata sufuria. Hapo kilo moja na nusu inayookolewa na piramidi ni chakula cha siku mbili. Udongo wa mashambani na chini ya mikorosho, ukishanyeshewa, hushika kigingi kirefu vizuri sana. Ila pale Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaonekana hadi upande wa Msumbiji, rudi nyuma mbali na ukingo, kwa maana upepo unaopanda ukutani huingia chini ya kitambaa na kukinyanyua.

Kwa ufupi wa maneno yangu: pwani nachukua kuba lenye chumba cha wavu ndani ya kitambaa cha nje, uwandani nachukua piramidi. Wenye uzoefu tofauti karibuni.

Mchangiaji kutoka Masasi:
Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo marefu. Umezungumzia mchanga na udongo, lakini sisi Masasi tumezungukwa na vilima vya mawe matupu, na vijana wangu wanapenda kulala juu, kwenye mwamba tambarare, ili waone macheo. Hapo kiroba sina pa kukizika na kigingi hakiingii hata nusu kidole. Nilijaribu kufunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe kubwa, lakini kamba ilisagika kwenye ncha ya jiwe ikakatika kabla ya asubuhi. Tufanyeje?

Mleta uzi:
Kaka, umegusa jambo ambalo nilipaswa kulianza mimi. Kwenye mwamba chukua kuba, na piramidi liache nyumbani. Usiizungushie kamba jiwe kubwa. Funga mwisho wa kamba kwenye kijiti kifupi au jiwe dogo lisilo na ncha kali, lilaze mbali na hema, kisha weka jiwe zito mbele yake, upande wa hema, juu ya kamba, ili kijiti kikivutwa kikwame nyuma ya jiwe. Uzito utakuwa wa jiwe kubwa, lakini fundo litakuwa kwenye kijiti, na hapo hakuna msuguano wa kulikata. Pale kamba inapopita chini ya jiwe, tandika kipande cha kitambaa au gome. Tandika pia turubai jembamba chini ya sakafu, na ulikunje pembeni lisitokeze nje ya hema, kwa sababu likitokeza litakinga mvua na kuileta chini yenu. Mawingu ya radi yakionekana, shukeni kilimani upesi, hema libaki.

Mchangiaji kutoka Lindi mjini:
Mwalimu wangu, naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, hema langu la kuba huamka limelowa ndani hata usiku ambao hakukunyesha, nami nilidhani linavuja. La pili, nilipolitoa mwaka huu kitambaa kilikuwa kinanata kama kimepakwa asali, na kinanuka vibaya, ingawa nililitumia mara nne tu. Je, nimeuziwa kitu kibovu?

Mleta uzi:
Dada yangu, la kwanza ni jasho, si kuvuja. Pumzi zenu na joto la miili hubeba unyevu, unyevu hukutana na kitambaa cha nje kilichopoa usiku, ukageuka matone. Ufukweni hewa yenyewe imeshashiba maji, kwa hiyo huwezi kulizuia lote, lakini utalipunguza ukivuta kitambaa cha nje kiwe mbali na chumba cha wavu kila upande, ukifungua matundu ya juu, na ukiacha mlango wa upande usio na upepo nusu wazi. Usilipige hema bondeni wala kwenye majani marefu karibu na maji. Kiangazi, mbingu zikiwa safi, mimi huweka chumba cha wavu peke yake, na kitambaa cha nje kikiwa kimekwisha kufungwa upande mmoja na kukunjwa, tayari kuvutwa juu mawingu yakija.

La pili si lazima liwe kosa la muuzaji. Vitambaa vingi vya mahema hupakwa ndani utando wa poliyuretheni ili kuzuia maji, na utando huo huvunjwavunjwa na joto pamoja na unyevu, yaani hali ya stoo za Lindi mwaka mzima. Ukilifunga hema likiwa na umande na kulisukuma ndani ya ala yake kwa miezi, unakuta hicho ulichokikuta. Kitambaa kilichofikia kunata hakirudi. Hema lijalo, lianike kivulini hadi mishono ikauke, kwani jua kali nalo hula nailoni, kisha ulihifadhi likiwa limelegea katika mfuko mpana wa pamba mahali penye hewa. Vitambaa vilivyopakwa silikoni pande zote mbili havina udhaifu huo, lakini ni ghali na ni vya kuteleza sana.

Mchangiaji kutoka Newala:
Naheshimu uzoefu wako, ndugu, lakini juu ya uwanda sikubaliani nawe. Mimi ni mwenyeji. Miezi ya mvua ukungu hushuka hapa asubuhi, na piramidi la kitambaa kimoja hutoka jasho hadi likadondoka usoni mwa aliyelala. Tena nailoni ikilowa hurefuka, hema likalegea saa tisa usiku, na ni lazima mtu atoke nje kwenye mvua kukaza kamba. Kuba halinisumbui hivyo. Kilo moja na nusu naibeba kwa hiari.

Mleta uzi:
Ndugu yangu wa Newala, hoja yako ni nzito na sehemu yake naikubali. Kulegea kwa nailoni ni kweli. Ndiyo maana piramidi langu ni la poliesta, ambayo hairefuki sana ikilowa, na ndiyo maana naacha sentimita chache za nguzo ambazo sijazitumia, ili nikiwa ndani nimelala niinyanyue kidogo na kitambaa kikaze bila mimi kutoka nje. Kuhusu matone, chumba cha wavu chenye sakafu kikitundikwa kwenye ncha ya nguzo hupokea mengi kabla hayajafika usoni. Lakini kwa mtu anayekwenda Januari, na ambaye njia yake inapita penye maji ya bomba kila kijiji, wewe una haki, na achukue kuba. Niliandika nikiwaza safari za Agosti, maji yote yakiwa mgongoni.

Mchangiaji kutoka Masasi:
Nami niulize la mwisho. Mvua kubwa ya upepo ikitabiriwa, tuongeze kamba ngapi?

Mleta uzi:
Kaka, kwa mvua ya kawaida ya radi, fungeni kamba zote nne za katikati ya kuba, zile zinazoshika ufito wenyewe katikati ya kimo chake, kwa sababu hapo ndipo ubavu hubonyea. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kimbunga, msiongeze kamba hata moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na barabara ile ni ya lami na zege. Siku hiyo ombeni hifadhi katika nyumba ya matofali iliyo juu ya bonde, na hema libaki ndani ya begi.